Fundo la Mlingoti

Kila Jumamosi asubuhi, Kipenga alipiga pasi skafu yake kabla hata ya kunywa chai. Aliitandaza mezani, akainyunyizia maji kidogo, akaipitisha pasi huku na huku mpaka usibaki mkunjo hata mmoja. Baba yake, mwoka mikate, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka zamu, unga ungali umemganda kwenye nyusi.

"Ukiipiga tena hiyo itageuka karatasi," alisema huku akivua viatu.

"Baba, leo napandisha bendera."

"Basi piga. Ila ukimaliza zima pasi. Juzi nusura tuokwe sisi badala ya mikate."

Kipenga alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alivaa kipenga shingoni, akiwa kiongozi wa kikundi chake cha skauti, na pia kwa sababu hata asipokivaa, sauti yake ilitosha. Alijiunga na skauti akiwa mdogo. Mafundo yote aliyajua, angeweza kuyafunga akiwa amefumba macho, na alihakikisha kila mtu analijua jambo hilo.

Kikosi chao kilikutana uwanjani pa shule, nyuma ya karakana. Kiongozi wao mkuu alikuwa muuguzi wa zahanati, na watoto walimwita Mama Muuguzi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo liliwatisha watoto kuliko makelele.

Siku za karibuni kikosi kilikuwa kimepata msichana mpya wa miaka kumi na mitatu. Siku ya kwanza alisimama, mrefu na mwembamba, karibu na mlingoti wa bendera, na kabla bendera haijafika juu, jina lilikuwa limeshapatikana: Mlingoti. Mama yake alikuwa mshonaji, na kwa muda mrefu binti ndiye aliyekuwa akiwalea wadogo zake, mapacha watundu kweli kweli, ili mama apate kushona. Sasa mapacha walikuwa wameanza shule, naye Mlingoti akapata Jumamosi zake. Shati lake la skauti lilikuwa fupi, lakini mama yake aliliunga kitambaa kiunoni kwa ustadi hata usingeuona mshono.

Shida ilikuwa benchi. Kila mgeni alianzia kwenye benchi la wanaoanza, na benchi hilo lilikuwa la watoto wadogo. Mlingoti alikaa pale magoti yakiwa karibu na kidevu, kamba mkononi, akijaribu fundo la kwanza ambalo kila skauti hujifunza, lile bapa la kufungia bandeji. Kando yake alikaa Karanga, mtoto mdogo kuliko wote na msemaji kuliko wote.

"Dada, fundo lako limelegea tena," Karanga alisema. "Mimi hili nililijua nikiwa bado mtoto."

"Kwani sasa una miaka mingapi?"

"Minane na nusu."

Benchi zima likacheka. Mlingoti naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Mama Muuguzi aliyaona yote hayo. Walipotawanyika alimwita Kipenga pembeni.

"Jumamosi ijayo ni siku ya kipimo na ya kutoa ahadi," alisema. "Asiyetoa ahadi haendi kambini. Na mwakani Mlingoti atakuwa amepita umri wa kikosi chetu, kwa hiyo nafasi yake ni hii tu. Yuko katika kikundi chako. Msaidie."

"Sawa, Mama. Nitamfundisha kwa siku moja tu."

"Sikukuuliza siku ngapi," alijibu Mama Muuguzi.

Kuanzia Jumatatu, kila wakitoka shule, Kipenga alikwenda dukani kwa mshonaji. Walikaa kwenye vigoda viwili, uso kwa uso, katikati ya vipande vya vitambaa, cherehani ikinguruma kando yao.

"Tazama mikono yangu," Kipenga alisema. "Kulia juu ya kushoto, kaza. Kushoto juu ya kulia, kaza. Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, funga."

Mlingoti alifunga. Lilionekana fundo kama mafundo mengine, ila ncha zake zilikaa mkingamo, na ukilivuta linateleza taratibu mpaka linaachia. Kipenga alirudia, kwa haraka zaidi. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Siku ya tatu akaanza kuguna.

"Polepole, mwanangu," mshonaji alimwambia bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Hata cherehani ikikimbizwa hukata uzi."

Alhamisi Mlingoti aliiweka kamba chini.

"Mwambie Mama Muuguzi sirudi tena," alisema. "Nyinyi mlianza wadogo. Mimi mikono yangu imeshakuwa mizito. Siwezi kuchekwa na Karanga mpaka nizeeke."

Alisema kwa utani, lakini machozi yalikuwa yamemlengalenga. Kipenga aliingiwa na huruma. Pamoja na huruma iliingia hofu, maana watu wangesema yule kiongozi wa kikundi anayejua kila kitu ameshindwa kumfundisha mtu fundo moja. Kati ya mambo hayo mawili, lipi lilimsukuma zaidi, nadhani hata yeye mwenyewe hakujua.

"Usiache," alisema, akashusha sauti ili mshonaji asisikie. "Kwenye kipimo tutafungana mkono kwa kitambaa, kama wa mtu aliyeumia, na mimi nitakuwa mgonjwa wako. Nitakuja na kitambaa kilichofungwa tayari. Wewe nivishe tu shingoni, uchezeshe vidole kidogo kama mtu anayefunga."

"Huo si uongo?"

"Ni msaada," alisema Kipenga. Mlingoti aliiokota kamba, akakubali kwa kichwa.

Jumamosi ilifika. Mama Muuguzi alipita kutoka kikundi hadi kikundi akiwatazama watoto wakifungana mikono. Alipofika kwa Kipenga, mkono wa "mgonjwa" ulikuwa umening'inia vizuri, na fundo limelala bapa kando ya shingo. Aliligusa, akaridhika, akampa Mlingoti mkono wa kushoto, kama maskauti wanavyosalimiana.

"Umefaulu. Hongera, mwanangu."

Mlingoti alishukuru kwa sauti ndogo. Kipenga alimkonyeza, lakini mwenzake hakumtazama.

Walikuwa bado wanasubiri kuitwa kutoa ahadi pale kilio kiliposikika upande wa karakana. Karanga alikuwa amepanda ukuta mfupi kuwaonyesha wenzake jinsi skauti anavyoruka, na ardhi ikamwonyesha jinsi inavyopokea. Mama Muuguzi alimkalisha kwenye benchi, akamkagua mkono polepole.

"Hakijavunjika kitu," alisema. "Kiungo kimeshtuka kidogo, na mkono unahitaji kupumzishwa. Mlingoti, wewe uko karibu na umefaulu sasa hivi. Mfunge, mimi nilete maji baridi."

Mlingoti alichukua kitambaa. Uso wake ulikuwa umesawijika. Alikizungusha kwenye mkono wa Karanga kwa upole, kwa sababu watoto alijua kuwashika, kisha akafunga fundo shingoni. Karanga alijiinua kidogo. Fundo likateleza, mkono ukashuka ghafla, naye akalia upya.

Mama Muuguzi alirudi akaudaka ule mkono. Alilitazama fundo, kisha akamtazama Mlingoti.

"Nini kimetokea?"

"Ni mikono yangu, Mama," Mlingoti alisema. "Ni mizito. Kwenye kipimo nilibahatisha tu."

Kipenga alisimama nyuma yao. Alingoja Mlingoti aseme, "Kipenga ndiye aliyenipangia." Hakusema. Alikuwa tayari kuibeba aibu yote peke yake na kuipoteza kambi, na jambo hilo lilimchoma Kipenga kuliko kama angeshtakiwa.

"Hakubahatisha," alisema. "Fundo la kipimo nililifunga mimi nyumbani. Nilimwambia anivishe tu. Yeye aliuliza kama ni uongo, nikamwambia ni msaada."

Hata Karanga aliacha kulia ili asikie vizuri.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Mama Muuguzi, "lakini hii yenu imekuwa fupi mno. Haikufika hata saa ya chai." Aliuegemeza mkono wa Karanga kwenye mkoba wake wa dawa, akavuta kamba mbili. "Sasa nionyeshe ulivyokuwa ukimfundisha."

Kipenga alikaa mbele ya Mlingoti, uso kwa uso, akaanza. "Kulia juu ya kushoto." Mlingoti akatazama, akafuata. "Kushoto juu ya kulia." Mlingoti akafuata tena, akavuta, fundo likaachia. Mama Muuguzi aliomba warudie. Mara ya pili alianza kutabasamu.

"Mlingoti, hatua ya kwanza umefuata macho," alisema. "Mwenzako amekaa mbele yako, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako, na wewe umeanza na kushoto. Hatua ya pili umefuata maneno yake, ukaweka kushoto juu tena. Fundo hilo hata mimi lingenitoroka. Kipenga, ondoka hapo mbele. Kaa ubavuni mwake."

Kipenga alihamia upande wa Mlingoti, bega kwa bega, mikono yao ikielekea upande mmoja. Alifunga polepole, bila kusema neno. Mlingoti alifunga naye. Akavuta. Fundo lilibana, likalala bapa. Akavuta kwa nguvu zote, na halikusogea.

"Kumbe si mikono," alisema taratibu. Alicheka huku machozi yakimtoka, na Kipenga akacheka naye.

"Haya, mfunge mgonjwa wako," alisema Mama Muuguzi.

"Ajaribu kwanza kwenye mguu wa benchi," alisema Karanga.

Mlingoti alijaribu kwenye mguu wa benchi mpaka Karanga aliporidhika, kisha akamfunga. Karanga alisimama, akatembea, akazunguka uwanja mzima akitangaza kwamba fundo limekaza na mwenye mashaka aje atazame. Mama Muuguzi alimpima Mlingoti upya, peke yake, na safari hii alilivuta fundo mwenyewe kabla ya kumpa mkono wa kushoto. Kisha akamgeukia Kipenga.

"Kipenga hicho nitakaa nacho mimi mpaka kambi iishe. Kambini utakuwa skauti kama wengine."

"Ndiyo, Mama." Kipenga alikivua. Shingo ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

"Sasa tutamwita nani?" aliuliza Karanga.

Wakajipanga chini ya bendera. Mlingoti aliinua mkono, akatoa ahadi yake bila kusita mahali popote. Ilipokwisha, Mama Muuguzi aliwakalisha wote kwenye majani.

"Na mimi nilikosea," alisema. "Mtu wa miaka kumi na mitatu nilimweka kwenye benchi la watoto wadogo, nikasahau kwamba aibu nayo hulegeza vidole. Kuanzia leo, anayekuja akiwa mkubwa atajifunza pamoja na wa rika lake. Wahenga walisema kawia ufike. Mwenzenu amekawia kwa sababu alikuwa akilea wadogo zake, na leo amefika. Sasa sikilizeni. Ukimfanyia mtu kazi yake ili aonekane anajua, hujamsaidia, umemwibia nafasi ya kujua. Na ukimkalia mbele kumwonyesha unavyojua wewe, atayaona mambo kinyume. Anayechelewa hahitaji mtu wa kumbeba wala wa kumcheka. Kaeni ubavuni mwake, mtazame upande mmoja naye, mwende polepole."

Walipoinuka kwenda nyumbani, mtoto mgeni kutoka benchi la wadogo alikuja na kamba yake iliyolegea, akaisogeza mbele ya Kipenga. Kipenga alizunguka, akachuchumaa kando yake. Upande wa pili, bila kuitwa, Mlingoti naye alikunja magoti yake marefu, akakaa.