Kibuyu cha Mke Mwenzangu

Mimi ni bibi wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Tabora mjini, na bado nina wivu! Msinicheke... sikilizeni kwanza yaliyonikuta.

Nilikuwa mke kijana tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Goweko. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini. Jembe nililijua kwa kuliona tu. Hata nyumba haijakauka udongo, mume wangu Jumanne akaniletea mke mwenza! Nyamizi, binti wa wafugaji wa Lusu. Alikuja na kibuyu cha maziwa mgando.

Kibuyu hicho kilinitia wazimu. Jumanne akitoka shamba, mimi napewa salamu, yeye huyo kwa Nyamizi. Akishakunywa anafuta midomo na kusifu jinsi maziwa yale yanavyotuliza tumbo. Kwani chakula changu kilikuwa kinalichafua? Roho iliniuma jamani...

Kisha ukaingia ugonjwa wa watoto, kutapika na kuharisha. Ukamkumba Zuhura, mwanangu wa pekee, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nililelewa kuamini kwamba mtoto anayeharisha ukimnywesha unamwongezea, basi nikamnyima maji, hata ziwa nikamnyima. Nyamizi akaja na maji yaliyochemshwa na kikombe cha maziwa yake, akasema kwao watoto hupewa kidogo kidogo. Nikamfukuza. Niliona anataka kumroga mwanangu ampende, kama alivyomfanya mume!

Zamu yangu ya shamba la kijiji ilipofika, nikamwacha mtoto kwa mama mkwe. Niliporudi nilimkuta wapi? Mapajani kwa Nyamizi, analishwa kwa kijiko, macho yameanza kuchangamka. Badala ya kushukuru nikapandwa na mori. Nikanyakua kibuyu, nikamwaga yote, nikakisugua ndani kwa majivu na maji ya moto.

Nyamizi hakunigombeza. Alikaa chini, akakipakata.

“Dada, hiki alinipa marehemu mama,” alisema. “Huwa tunabakiza maziwa kidogo chini, yagandishe mapya. Tangu enzi za bibi kibuyu hiki hakijawahi kukauka.”

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia afadhali kimekauka.

Nikajifungia ndani na mtoto wangu, simpi hata tone, mdomo wake mkavu. Kesho yake macho yalikuwa yamezama, akilia hatoi machozi. Jumanne akamtoa mikononi mwangu, akampa Nyamizi ampakate nyuma ya baiskeli, wakaenda zahanati. Mimi nikafuata kwa miguu nikilia njia nzima.

Nilifika mganga akiwa anamfokea Jumanne. Virusi vya tumbo havina dawa ya kuviua, alisema, mara nyingi vinapita vyenyewe. Kinachoua watoto ni kuishiwa maji. Akaagiza maji ya chumvi na sukari, tena ya kupimwa vizuri, na ziwa la mama lisikatishwe. Maziwa mgando huenda yakasaidia tumbo kutulia, lakini yasichukue nafasi ya maji. Kisha akauliza ni nani aliyemnywesha kabla ya hapo, maana huyo ndiye aliyemfikisha akiwa hai.

Jumanne hakunitazama. Alimwonyesha Nyamizi, akasema, “Mama yake.”

Zuhura alipona... lakini hakurudi kwangu. Alipojua kusema, mama alikuwa Nyamizi. Mimi nilikuwa Mama Mjini!

Leo Zuhura naye ana mtoto. Juzi mjukuu aliharisha, nikakimbia na maji yangu ya chumvi na sukari, nikijua sasa zamu yangu imefika. Nikamkuta Nyamizi, mzee kama mimi, ameshatangulia, mtoto yuko mapajani kwake. Zuhura akaniamkia vizuri, akapokea kikombe changu... akampa Nyamizi amnyweshe.

Ndugu zangu mlio na wenza, nunianeni mkitaka! Lakini mtoto akiumwa tumbo mnywesheni, mkimbizeni zahanati, na mkono unaoshika kijiko msiuulize ni wa nani. Mimi niliuuliza. Ndiyo maana juzi nilikaa mlangoni, mikono mitupu, namtazama mwenzangu akinywesha mjukuu wangu.