Kibendera cha Pei-chen

Maabara yetu iko ghorofa ya nne katika chuo kimoja hapa Tainan, na kazi yangu, licha ya shahada zangu mbili, ni kununua vitu. Hasa peptidi: vipande vya protini vinavyotengenezwa kiwandani, huja vikiwa unga mweupe kiduchu ndani ya vichupa. Ukipiga chafya umepeperusha utafiti wa mtu.

Kanuni yake haina siri. Ukikitoa kichupa kwenye friza, usikifungue. Kiweke kwenye mtungi wa kukaushia, ungoje saa nzima baridi iishe. Ukikifungua mapema, unga unavuta unyevu wa hewa na kuharibika. Yeh Pei-chen, mwanafunzi wetu wa uzamivu, aliingoja saa hiyo kila mara, amekaa kwenye stuli kando ya mtungi, kama mtu anayelinda uji usifurike.

Mwaka jana Profesa Kuo aliniagiza ninunue kwa muuzaji wa bei ya chini. Cheti kilisema unga ni safi kwa asilimia tisini na nane. Seli tulizozitilia unga huo zikafa zote. Pei-chen akaja mezani kwangu.

"Dada, huu unga si wenyewe. Tuupeleke ukapimwe kwingine."

"Cheti kipo."

"Cheti hata mimi nakuchapia sasa hivi. Unataka na muhuri?"

Nilicheka. Sikuupeleka. Kikaoni Profesa akatangaza kwamba msichana alifungua kichupa kikiwa baridi, na sasa anamsingizia muuzaji. Akamwondoa kwenye mradi. Wote tuliijua saa yake ile. Wote tulitazama viatu vyetu. Wiki hiyohiyo, akirudi kwao kwa skuta, lori likampitia, akafa. Mama yake, muuza supu ya samaki, akaandika barua chuoni: hataki pole, anataka jina la mwanawe lisafishwe. Kamati ya uchunguzi ikapangwa kuja.

Ikaingia kabla yake sadaka ya mwezi wa saba, mwezi ambao waliokufa hufunguliwa mlango. Chuo huwaandalia meza uani, mchana kweupe: biskuti, tambi, beseni la maji na taulo ili wageni wanawe mikono. Profesa haamini chochote isipokuwa ruzuku, lakini ubani hakosi kuchoma. Kila sahani huwa na kibendera chenye jina la mtoaji, aliye hai. Nilivichapa mimi, kutoka orodha ya mwaka uliopita.

Aliyeona ni Bo-yu, mwanafunzi mwenzake Pei-chen. Alininong'oneza, ubani mkononi.

"Dada. Umemwandika Pei-chen."

"Kitoe upesi."

"Ubani umeshawaka. Mgeni hula akaenda zake. Huyu umemfanya mwenyeji."

Nilitazama beseni. Taulo lilikuwa limelowa.

Kesho yake kichupa cha mwisho cha unga ule, kilichokuwa frizani chini ya kufuli, kilikuwa kwenye mtungi wa kukaushia. Nikakirudisha. Siku ya pili, kipo mtungini. Siku ya tatu niligusa stuli.

Ilikuwa na joto.

"Nani anacheza hapa?" Profesa aliuliza. Kisha, kwangu peke yangu: "Kamati inakuja kesho. Kitupe."

Nilikitupa. Niliporudi, daftari la Pei-chen lilikuwa juu ya meza yangu. Ukurasa mpya. Tarehe ya leo. Mwandiko wake, ule unaoinamia kushoto. Kimetolewa saa tatu. Kimefunguliwa saa nne. Uzito wa molekuli: si wa tulichonunua.

Kwetu ukurasa hauhesabiki mpaka shahidi atie saini. Mahali pa shahidi palikuwa patupu. Kalamu ililala hapo. Ilikuwa na barafu.

Sikusaini. Mkataba wangu unaisha Desemba, na anayeuhuisha ni Kuo. Nililifungia daftari kwenye droo, nikaenda kula.

Ijumaa, mbele ya kamati, daftari lilikuwa wazi mezani. Kando yake, kichupa nilichokitupa. Kikavu.

"Hii saini ni yako?" mwenyekiti aliniuliza.

Nikatazama. Jina langu, na kile kimkia ninachokivuta mwishoni. Profesa alikuwa ananikazia macho.

"Ndiyo," nikasema.

Unga ukapimwa. Haukuwa wenyewe. Mama yake Pei-chen alipata barua ya mistari miwili. Profesa Kuo alipata idara nyingine ya kuongoza. Mama huyo aliniletea supu, akaniinamia, akaniita jasiri. Niliinywa yote. Ni tendo la pekee la ujasiri maishani mwangu, na silo langu.

Nyuma ya mkono wangu wa kulia kuna madoa manne meupe. Daktari anasema ni kuungua kwa baridi ya friza. Hayaponi. Bo-yu aliweka vidole vyake juu yake siku moja, akavitoa haraka. Vilikaa sawasawa, kama vya mtu anayemshika mtoto mkono kumfundisha kuandika.