Laini Inatumika

Walikutana kwenye foleni ya dawa, wote wakaona kiti kimoja kitupu, wote wakakikalia, paja juu ya paja. Mwanamke fundi wa programu, gauni la kijani. Mwanamume muuguzi wa watoto, sare imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Kicheko kikazaa namba za simu, namba zikazaa mapenzi.

Sasa juma zima, kila fundi alipompigia muuguzi zamu ya hospitali ikiisha, aliambiwa laini inatumika. Anaongea na nani? Chakula kikawa mchanga mdomoni. Alipompata, muuguzi ndiye aliyekuwa na hasira.

"Kila nikikutafuta uko kwenye simu. Niambie tu kama una mwingine."

Akakata. Mwizi kumkaripia mwenye mali!

Kazini nako hakukukalika. Programu yake ya kuiamrisha pampu ya dripu, katika majaribio, mara mojamoja ilisukuma dawa mara mbili. Kwa mtoto mchanga, hiyo ni mauti. Ndani yake mlikuwa na watendaji wawili, sehemu za programu zinazofanya kazi sambamba, na bendera moja ya kuonyesha kazi imeshachukuliwa. Kila mmoja aliamriwa: tazama bendera, ikiwa chini, ipandishe, kisha sukuma dawa. Fundi akaikodolea macho mistari hiyo ya programu hadi yakawasha. Je, wakitazama kwa pamoja? Kila mmoja ataiona iko chini. Kila mmoja atasukuma. Kosa lilijificha katika upenyo kati ya kutazama na kupandisha. Akayafanya yote mawili tendo moja, hata wembe usipenye: aliyewahi amewahi, mwenzake angoje. Pampu ikatulia.

Kisha akaitazama simu yake. Zamu ikiisha, yeye hushika simu. Na muuguzi hushika nini?

Akamvizia kwenye geti la hospitali. Muuguzi akampita kama hamjui.

"Kitendawili," fundi akasema.

Muuguzi akasimama. "Tega."

"Wawili wanabishiana hodi kwa pamoja, kila mmoja anadhani mwenzake ana mgeni."

Muuguzi akafikiri, akashindwa, akampa mji.

"Wapenzi wanaopigiana simu dakika ileile."

"Kumbe ulikuwa unanipigia mimi?"

"Kila zamu yako ikiisha."

Muuguzi akaketi ukingoni mwa barabara, sare na pasi yake yote. Fundi akamwambia kuanzia leo apige mmoja tu, mwingine angoje.

"Kungoja kutaniua, mpenzi. Heri tukae nyumba moja."

"Unauliza au unatega?"

"Nauliza."

Fundi akafungua kinywa ajibu. Muuguzi naye akafungua chake aongeze neno. Wakagongana. Wakanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake, kimya kikirefuka hadi muuguzi akaanza kutokwa jasho.

"Ndiyo," fundi akawahi.