Wali wa Kwenye Daftari

Kulipopambazuka, Milembe alikuwa tayari yuko jikoni. Aliosha michembe, akaitia chunguni, akaongeza maji na karanga zilizotwangwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani wakati wa mavuno. Ikihifadhiwa vizuri, hukaa miezi mingi.

Ulikuwa mwezi wa pili. Mahindi ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha ghalani. Ya mwaka huu yalikuwa bado mabichi shambani. Katika kitongoji cha Mwagimbi, si mbali na mji wa Bariadi, nyumba nyingi zilikuwa zikila hivyo hivyo. Michembe asubuhi, michembe jioni.

Binti yake Lucy, wa darasa la kwanza, alikuwa amekwisha kuondoka bila kula. Shule ilikuwa mbali, na kengele haisubiri chungu.

Michembe ilipoiva, Milembe na mumewe Nkwabi walikula. Kisha Milembe akanawa mikono, akafuta meza, akalichukua daftari la kijani. Alifumba macho akasali kidogo. Alisali hivyo kila alipotaka kuandika, maana kuandika alikujua mwaka jana tu, akiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la jioni la watu wazima pale kanisani. Kila herufi aliiona kuwa ni zawadi ya Mungu.

Akaandika polepole: “Jumatatu. Asubuhi, chai na mkate. Jioni, wali na sato.”

Nkwabi alichungulia juu ya bega lake.

“Mama Lucy, huyo sato nimemla lini mimi?”

“Umemla jana jioni.”

“Mbona sikushiba?”

“Nyamaza, Baba Lucy. Daftari hili linakwenda kwa wasomi. Unataka wajue kwako kunaliwa nini?”

Nkwabi akacheka, lakini hakubisha. Alichukua jembe lake akaenda kwenye pamba.

Daftari lile lililetwa na Felisita, mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu. Felisita alizaliwa Maswa, akasoma mpaka akawa daktari wa uchumi, lakini Kisukuma chake kilikuwa kizima. Alikuja kijijini na barua ya ruhusa. Majina ya kaya zote yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kikapuni, yakaokotwa arobaini. Hakuna aliyechaguliwa kwa kujulikana wala kwa kupendelewa.

“Andikeni mnachokula kila siku,” aliwaambia. “Kiwe kizuri, kiwe kibaya, andikeni. Asiyejua kuandika, atasaidiwa. Serikali na watu wa miradi hupanga mambo kwa kutumia takwimu. Takwimu zikiwa na makosa, na mipango itakuwa na makosa.”

Watu waliitikia vizuri. Lakini nyumbani kila mtu alifuata desturi. Mgeni akifika, huchinjiwa kuku, hata akiwa wa mwisho. Chungu kitupu hakifunuliwi mbele yake. Milembe aliliona lile daftari kama mgeni aliyeketi mezani. Akalipikia kwa kalamu.

Jirani yake Martha, mama yake Salu, naye alikuwa na daftari. Siku moja alikuja kuomba chumvi.

“Mwenzangu, wewe umeandika nini wiki hii?”

“Wali. Na samaki.”

“Wali mara ngapi?”

“Mara tatu.”

Martha aliguna. “Basi mimi naandika mara nne. Na kuku juu. Kwani wewe una nini cha kunishinda?”

Wiki ile, ndani ya madaftari, kuku wa Mwagimbi walikwisha wote. Uani walikuwa bado wanadonoa.

Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, mwalimu wa darasa la kwanza alimleta Lucy nyumbani kwa baiskeli. Lucy alikuwa ameanguka darasani.

“Hana homa, Mama Lucy,” mwalimu alisema kwa upole. “Amekula nini leo?”

Milembe alitazama chini. “Aliwahi shule,” alijibu.

Mwalimu alimshusha Lucy. “Si yeye peke yake. Ikifika saa nne, nusu ya darasa langu wanalala juu ya madawati.”

Kesho yake Felisita aliitisha mkutano shuleni. Wiki nne zilikuwa zimekwisha. Wako watafiti wanaochukua madaftari wakaondoka nayo, wasionekane tena. Felisita hakuwa wa namna hiyo. Kabla ya kuandika ripoti yake, aliwarudishia wenyewe matokeo wayasikie.

“Mwadila, baba zangu na mama zangu,” aliwasalimu kwa Kisukuma.

“Mwadila, mayu,” waliitikia, yaani mama.

“Kwa madaftari yenu, kaya ya hapa inakula wali mara nne kwa wiki, na nyama au samaki mara tatu. Ninyi mnakula vizuri kuliko vijiji vyote vinne nilivyopitia.”

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Masunga, aliinuka nusu akapunga mkono, kama vile yeye ndiye aliyewapikia.

Felisita alisubiri makofi yaishe.

“Sasa nitawaambia jambo ambalo sikuwaambia mwanzo,” alisema. “Halmashauri na mradi mmoja wanataka kuanzisha uji katika shule mbili. Wataleta sufuria, jiko na unga wa mwaka wa kwanza. Wataanza na vijiji vyenye uhitaji zaidi. Ripoti yangu ndiyo itakayotumika. Kwa takwimu hizi, shule yenu ni ya mwisho.”

Watu wote wakasema kwa pamoja.

“Ungetuambia mapema!” Martha alisema.

“Ningewaambia mapema, mayu, wewe ungeandika nini?”

Martha akafikiri. “Ningeandika kwamba tunalala njaa wiki nzima.”

Watu wakacheka, na Felisita pia akacheka.

“Ndiyo sababu. Mtu akijua kuna zawadi, huongeza njaa. Asipojua, huongeza shibe. Nami natafuta kilichomo chunguni tu.”

“Basi futa hayo, uandike tuna njaa,” alisema mzee Masunga.

“Siwezi, baba. Maneno ya mtu hayafutwi na mwingine. Na leo mkisema mna njaa, nitajuaje kama ni njaa au ni hamu ya uji?” Alifungua kitabu chake. “Lakini mashaka ninayo. Samaki wa kutoka Lamadi, kule ziwani, hufika hapa Alhamisi tu. Nimemuuliza muuzaji mwenyewe. Madaftari yanasema watu walikula sato Jumatatu. Mchinjaji wenu huchinja Jumamosi peke yake, lakini nyama imeliwa siku zote saba. Utafiti hausikilizi mdomo mmoja. Huuliza huku, ukapima na kule. Hata hivyo, mimi siwezi kusema mtu amekosea. Aseme mwenyewe.”

Hakuna aliyeinuka. Wanaume walitazama kofia zao. Milembe alimwona Nkwabi upande wa pili, ameketi kati ya wenzake. Kusema kwamba nyumba ina njaa ni kusema kwamba mwenye nyumba ameshindwa. Wangemcheka kwenye mnada wa ng'ombe. Wangemcheka hata akiwa mzee.

Kisha Milembe akakumbuka jinsi Lucy alivyolegea kwenye baiskeli. “Ee Mungu,” aliomba moyoni, “umenipa kuandika, nami nimeandika uongo. Nipe na kusema.” Akasimama.

“Sato wa Jumatatu ni wangu,” alisema. “Sikumla. Kwangu tunakula michembe asubuhi na jioni. Mchana hatuli. Wali tulikula siku ya Krismasi. Mwanangu jana ameanguka darasani, si kwa ugonjwa. Niliandika vile kwa kuogopa aibu.”

Hakuthubutu kumtazama mumewe. Akasikia benchi likilia. Nkwabi alikuwa amesimama.

“Mke wangu amesema kweli,” alisema Nkwabi. “Na yule kuku tuliyemla Jumapili, anayetaka kumwona aje. Yuko nyumbani, anatotoa.”

Watu wakacheka sana, na kicheko kile kikafungua vinywa. Mmoja akasema nyama yake ilikuwa majani ya mlenda. Mwingine akasema mkate wake hajui hata unauzwa wapi. Martha alisimama mwisho.

“Mimi nilimfuata Mama Lucy tu,” alisema. “Nikamzidi.”

Felisita aliweka kalamu chini. “Wabeja,” alishukuru. “Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii. Ni mara chache nimeona watu wakijisahihisha wenyewe hadharani. Tutaanza upya kwa wiki mbili. Safari hii wasaidizi wangu watapita na mizani, bila kuwaambia siku. Watapima chakula kabla hakijapikwa. Na mimi nimekua kwa michembe, mayu. Imenipeleka mpaka chuo kikuu. Michembe si aibu. Kinachokosekana ni chakula cha kuongezea, na cha mtoto kula akiwa shuleni.”

Wiki mbili zikaanza. Milembe aliandika, “Michembe. Michembe na karanga. Ugali wa udaga wa muhogo na mlenda.” Mkono wake ulikuwa mwepesi.

Siku ya tisa, Anatoli, mdogo wake Nkwabi, alikuja kutoka Lamadi kuwasalimu. Alileta samaki wawili wakubwa na kilo mbili za mchele. Jioni ile nyumba nzima ilinukia, na Martha akaalikwa. Walipokwisha kula, Martha alimwona Milembe akifungua daftari.

“Hiyo usiandike,” alisema. “Watu wa mizani hawakupita leo. Utatukosesha uji.”

Milembe alishika kalamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na wali wa kweli, na sasa ndio alioambiwa aufiche. Alitazama mifupa ya samaki kwenye sahani.

“Tumekula, Mama Salu,” alisema. “Hata wewe umekula.”

Akaandika, “Wali na samaki. Tumeletewa na shemeji. Tumeshiba.” Martha aliondoka amenuna.

Felisita alipokuja kukusanya madaftari, Milembe aliuliza kwa wasiwasi, “Mwalimu, yule samaki ametuharibia?”

Felisita alisoma, akatabasamu. “Samaki huyu ndiye aliyenifanya niliamini daftari lote. Kuna daftari hapa limeandikwa njaa siku zote kumi na nne, na siku mbili kati ya hizo mizani ilikuta nyama jikoni. Hilo nitaliweka pembeni. Lako linalingana na mizani. Maisha ya mtu yana siku nzuri na siku mbaya. Anayeandika zote mbili, huyo ni mtafiti mwenzangu.”

Milembe alishika shavu kwa mkono, kama msichana.

Ripoti ilikwenda. Mwezi wa tano Felisita alirudi na nakala yake, akaisoma kwa Kiswahili chepesi mbele ya wazazi. Kaya zilikuwa na namba, hazikuwa na majina. Nkwabi aliuliza mara mbili kama kweli mtu wa Dodoma akiisoma hatamjua. Alipohakikishiwa, akafurahi. Shule yao ilikuwa ya pili kwenye orodha, na hiyo ilitosha.

Julai, shule zilipofunguliwa, jiko lilikuwa limejengwa nyuma ya madarasa. Wazazi walikubaliana kuchanga mahindi kila mavuno, debe moja kwa kila mtoto, ili mwaka wa pili wasitegemee mtu. Mzee Masunga alichanga wa kwanza. Wanawake walipanga zamu ya kukoroga. Mwalimu wa darasa la kwanza alisema kwamba sasa anafundisha mpaka saa sita, na watoto wanamuuliza maswali mpaka anachoka.

Siku moja mchana Lucy alirudi nyumbani amekunja uso. Alitupa begi juu ya kitanda.

“Nini tena?” Milembe aliuliza.

“Uji wa leo haukuwa na sukari ya kutosha,” Lucy alisema. “Na Mama Salu alikoroga vibaya, ulikuwa na mabonge. Nimemwambia.”

Milembe alimtazama mtoto wake. Alikuwa amesimama wima katikati ya nyumba, mikono kiunoni, analalamika. Milembe akageukia ukutani ili asionekane anacheka, akamshukuru Mungu kwa kila bonge.