Mistari Myekundu Mgongoni

Mwanamke asiyejulikana alisimama mlangoni, begi jeusi begani. Wening, aliyekuwa akiyeyusha nta ya batiki, alimkagua kuanzia viatu hadi ushungi.

"Mama yako ndiye anayeburuta mguu sokoni?"

"Kama unauza dawa, tulishatapeliwa mwaka jana."

Mgeni akacheka. "Siuzi hata pipi, mwanangu. Mimi ni Kuntari, muuguzi mpya wa kituo cha afya."

Wening hakuamini. Muuguzi gani huyu anayewafuata watu majumbani?

Mama yake, Sumirah, alijiinua kwa shida kutoka kwenye kigoda alichokalia kuchora vitambaa. "Ni upepo tu umeniingia, dada. Binti yangu hunikwangua mgongo kila jioni kwa sarafu na mafuta ili utoke."

Kuntari alimfunua mgongo, akaitazama mistari myekundu iliyoachwa na sarafu, kisha akaubonyeza unyayo wake wa kushoto; Sumirah hakuhisi kitu. "Mkono wako ni mzuri, Wening. Lakini upepo hautii unyayo ganzi." Akamgeukia Sumirah. "Na mkojo?"

Sumirah aliinamisha uso. "Siku hizi unanitoka bila kujua."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Twende hospitali sasa hivi," alisema Kuntari.

"Naogopa," Sumirah alimwambia binti yake. "Niahidi utakaa karibu nami."

Jioni hiyo Wening alipaswa kuongoza ngoma ya shule, aliyoifanyia mazoezi miezi mitatu. "Naahidi," alisema.

Hospitalini, picha ya mashine ilionyesha vifuko vya maji kwenye mishipa ya fahamu, chini kabisa ya uti wa mgongo. Wengi huwa navyo bila kuumwa, daktari alieleza, lakini kimoja cha Sumirah kilikuwa kikubwa na kiligandamiza mishipa. Angepasuliwa mchana huohuo.

Wening alilia. "Kumbe nilikuwa nakwangua bure!"

"Ulimkwangua kwa upendo," alisema Kuntari. "Na kunishuku mimi hakukuwa kosa. Ila maumivu yasiyokwisha nayo yashuku hivyohivyo, uyapeleke kwa mtaalamu mapema. Wala msifichane ugonjwa kwa aibu."

Saa kumi na moja mwalimu wa ngoma alimtuma mtu wa pikipiki kumchukua Wening. "Haya, panda, wanakungoja wewe tu!"

"Mwambie mwenzangu Tiwi aongoze," alijibu Wening, akaketi tena.

Sumirah alipofumbua macho, alimwona. "Na ngoma je?"

Wening alisogea miguuni pake. Alimbonyeza kidole cha mguu wa kushoto. "Unasikia?"

"Kidogo," mama alisema, akatabasamu.