Dakika Tatu Bila Kicheko

Siku ile mjinga alikuwa yeye, tusimtafutie mshirika. Mtu mzima, mwandishi wa kipindi cha vichekesho kinachotazamwa na nusu ya mji, kasimama kwenye foleni ya kantini ya kituo cha televisheni, sinia mkononi, anatangaza kama yuko mnadani:

"Huyo anayetupachikia vicheko ama kiziwi, ama ana msiba."

Kipindi kilirekodiwa bila watazamaji. Vicheko viliongezwa baadaye na fundi sauti, na mwandishi hakuwahi kumtia machoni. Mbele yake akageuka dada mwenye gauni la njano, vipokea sauti vimemning'inia shingoni kama mkufu, akamkagua kuanzia viatu.

"Sina msiba, kaka. Nasikiliza vichekesho vyako kutwa, dalili zinafanana."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na hicho hakikupachikwa na mtu.

Mapenzi hayana adabu. Yaliingia papo hapo, bila kubisha hodi. Mwezi haukuisha, simu zikawa haziachani.

"Uko wapi, laazizi?"

"Chumba cha sauti, nakuchekea."

"Kwa mapenzi?"

"Kwa mshahara."

Jumapili moja binti akampeleka kwao. Baba yake, mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu, alimmiminia chai kwa mkono wake na kumwita mwanangu. Njiani wakirudi, binti akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kila asubuhi baba anapiga pasi sare yake ya kazi, anaivaa, anafunga vifungo vyote hadi shingoni, anatazama saa ya ukutani, kisha anaivua na kuitundika. Mwaka wa nne huu. Alisema machozi yakimtoka. Mwandishi alimkumbatia kwa mikono miwili, ila kichwani kalamu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Haikupita muda akapandishwa cheo, akawa mtayarishaji. Katika kipindi cha kwanza chini ya jina lake akaweka mlinzi wa benki mstaafu, ambaye kila asubuhi huvaa sare na kumpekua mkewe mkoba mlangoni. Dakika tatu. Waigizaji walicheka hadi ikabidi warudie kurekodi mara tano.

Ijumaa adhuhuri, kipindi kikingojewa hewani saa moja jioni, akakitazama kwa mara ya mwisho. Vicheko vyote vilikuwa mahali pake. Ila zile dakika tatu, kimya, kama makaburini. Akakata shauri palepale kwamba huo ni wivu wa cheo, akapanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha sauti.

"Dakika tatu hazina kicheko."

"Najua. Ni mimi sikukiweka."

"Unanihujumu. Tangu nipande cheo hunitazami vizuri."

"Cheo chako sikijui kina rangi gani. Yule mzee je, namjua au simjui?"

"Baba yako alikuwa wa treni. Yule ni mlinzi wa benki."

"Ukimwibia mtu shati ukabadilisha vifungo, shati limekuwa lako?"

"Mpenzi, huo ni mchezo tu."

"Mpenzi mwache nje ya hili. Baba hakosi kipindi chako. Saa moja kasoro robo ameshaketi, amesafisha na miwani. Leo unataka mimi, mwanawe, nimletee watu mia wamcheke sebuleni kwake?"

"Hatajijua."

"Mtu hujijua. Sare ni yake, asubuhi ni zake." Akasimama, akachukua mkoba wake, akamsogezea kiti. "Kicheko hicho hapo. Bonyeza mwenyewe. Na ukishabonyeza, namba yangu ifute."

Mlango ukafungwa taratibu, jambo lililomuuma kuliko kama ungebamizwa.

Akabonyeza. Tusimfiche: alibonyeza. Mzee wa kwenye kioo akafunga kifungo cha shingo, na kicheko kikakaa pale sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Ilichekesha mno. Mwandishi mwenyewe akacheka. Akarudisha nyuma aone tena, na safari hii mzee alipolainisha ukosi kwa vidole, akakumbuka vidole vingine, vilivyokuwa vimeshika birika, na sauti ikiuliza, "Nikuongeze sukari, mwanangu?"

Akafuta kicheko. Kisha akaikata sehemu yote.

Saa moja na nusu simu ya mkuu wa vipindi ikaita.

"Kipindi kimepungua dakika tatu. Ulitaka nizijaze kwa nini, kwa pumzi zako?"

"Nilikata sehemu moja, mzee."

"Ile iliyotuvunja mbavu kwenye majaribio? Sababu?"

"Haikuwa yangu."

"Vizuri. Na cheo si chako. Jumatatu urudi kwenye meza ya waandishi."

Jumamosi asubuhi alikuwa mlangoni kwao, shati limenyooka, shingo imelegea. Binti alitokea na gauni la nyumbani, kilemba upande, akaziba mlango kwa bega.

"Nani huyo?" baba akauliza kutoka ndani.

"Mtu kapotea njia, baba." Akamgeukia. "Sema."

"Nimeikata."

"Nimeona. Baba kalalamika kipindi kilikuwa kifupi." Akamkazia macho. "Ilikuwa inachekesha?"

Angeweza kudanganya, uongo ulikuwa umeshavaa viatu.

"Kuliko yote niliyowahi kuandika."

Bega likalegea kidogo, uso ukabaki vilevile.

"Cheo je?"

"Kimekwenda."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Nataka nikuoe."

"Wewe mwanaume una wazimu. Jana umeniliza, leo unaposa. Umekata dakika tatu, ndizo unataka kubadilishana na maisha yangu yote?"

"Sina nyingine. Sijawahi kumkatia mtu hata sekunde."

"Basi endelea kukata," akasema, akiusukuma mlango. "Zikifika saa nzima, nipigie."