Mkate wa Saa Saba

Saa saba mchana mashine zilinyamaza, na wanawake wa kiwanda cha nguo wakajazana mlango wa nyuma. Tajiri wao hakuruhusu mtu kutoka kwenda kula. Aliwapa mkate mweupe na soda bure, na muda wa kumezea tu. Katika kusukumana, mshonaji mmoja mwenye gauni la njano akamwangukia kijana mleta mikate kifuani.

"Pole, dada. Ukitaka kunikumbatia, sema tu."

"Nikumbatie unga? Hebu nipishe."

Tangu siku hiyo akawa anamwekea mkate wa pili na keki, na jioni humpigia simu akimwita Kibonge wangu. Aliyapenda mashavu yale, na alisema bila haya. Miaka ikaenda, mshonaji yuko kitini asubuhi hadi jioni, akazidi kunenepa. Wala msinieleze habari za uvivu! Anayelisha wadogo zake kwa mshahara ule hununua kinachoshibisha, matunda ni ya wenye nazo. Atembee? Mtaani kwao giza likiingia, mwanamke wa peke yake anaporwa.

Kijana akapanda cheo, akavaa tai. Mshonaji alingoja jambo moja tu, apelekwe kwa mama mkwe. Akawa anaambiwa mama anaumwa, mara mama kasafiri. Mwishowe ukweli ukatoka kwenye simu: mama alikuwa ameiona picha yake.

"Jipunguze kidogo, mpenzi, halafu nikupeleke."

Akajaribu, masikini. Mkate akawagawia wenzake, akawa anashinda na maji, mpaka akazimia juu ya mashine na sindano ikamtoboa kidole.

Kijana alifika zahanati mbio, macho mekundu, akapiga magoti kando ya kitanda. Alisema amegombana na mama yake hadi yamekwisha.

"Amekubali, Kibonge wangu. Nikuoe hivyo hivyo ulivyo."

"Hivyo hivyo. Kama nguo yenye kasoro."

"Sikusema hivyo."

"Nimekaa na njaa kwa ajili yako, na ulijua. Kila ukipiga simu unauliza nimepungua kiasi gani. Hata siku moja hukuniuliza kama nimekula."

Kijana alimpenda, hilo kweli, na mshonaji alimpenda zaidi. Akamtuma akamwambie mama yake kwamba harusi haipo, kisha akageukia ukutani ili asimwone akitoka.